Jiko Linawaka, Hita Inazimika: Kisa cha Nyumba Iliyohamia Gesi Asilia kwa Bomba la Enzi za Mitungi

Malalamiko yalikuwa hivi. Hita ya maji inawaka ikiwa peke yake, ingawa maji hayapati moto kama zamani. Mtu akiwasha oveni na plati zote za jiko, baada ya muda mfupi hita inazimika na anayeoga anamwagikiwa na maji baridi. Oveni ikizimwa, hita inawaka tena. Hakuna harufu ya gesi popote, jaribio la uvujaji lilipita bila tatizo, na mita ya gesi ni mpya. Fundi aliyeunganisha alisema hita imechoka. Mwenye nyumba naye akajibu kwamba hita hiyohiyo ilifanya kazi miaka yote ya mitungi bila kusumbua.

Wote wawili walikuwa wakisema kweli kwa walichokiona, na ukweli wa mwenye nyumba ndio uliofungua njia ya kupata jibu.

Nyumba ilikuwaje kabla

Mitungi miwili mikubwa ilisimama nje, ukutani upande wa nyuma, ikiwa na regulata ya milibari 30 (milibari ni kipimo cha presha). Kutoka hapo bomba la shaba la milimita 15 liliingia ndani, likaenda mita 9 na kupinda kwa viwiko vinne hadi kwenye tii, kiungo cha njia tatu. Tawi la kwanza, la mita 5 na viwiko viwili, lilikwenda kwenye hita ya papo kwa papo yenye uwezo wa kula kilowati 24. La pili, la mita 3 na kiwiko kimoja, lilikwenda jikoni kwenye jiko la plati nne na oveni. Plati zilikuwa za kilowati 3, 1.75, 1.75 na 1, na oveni kilowati 2.5, kwa hiyo jiko zima lilikula kilowati 10.

Takwimu hizi ndizo fomu ya maombi ya kuunganishiwa gesi asilia inazozitaka, na ndizo watu wengi wanazijaza kwa kubahatisha. Zinasomwa kwenye kibandiko cha kifaa. Angalia umesoma kilowati zinazoingia, si zinazotoka kwenda kwenye maji, kwa sababu hita iliyoandikwa kilowati 20 za maji inaweza kuwa inakula 24 za gesi. Mita ya gesi huchaguliwa kwa zinazoingia.

Gesi asilia hutoa takriban kilowati-saa 10.5 kwa kila mita moja ya ujazo. Ukigawa 24 kwa 10.5 unapata mita za ujazo 2.29 kwa saa za hita, na jiko linapata 0.95. Jumla ni 3.24 kwa saa. Mita ya ukubwa wa G4, iliyo ya kawaida majumbani, inapitisha hadi mita za ujazo 6 kwa saa, kwa hiyo inatosha na kubaki. G2.5 inapitisha 4, nayo ingetosha bila kuacha nafasi kubwa.

Kazi ya nje

Upande wa mtaani hapakuwa na kasoro, kwa hiyo tutaupita haraka. Bomba kuu lilikuwa na presha ya kati. Kampuni ya usambazaji ililitoboa kwa tandiko la kuyeyushia, yaani kiungo kinachokalia bomba kuu na kuyeyushwa juu yake, ikavuta bomba la plastiki ya poliethilini la milimita 32 kwenye mtaro hadi ukutani mwa nyumba. Chini na juu ya bomba kulimwagwa mchanga usio na mawe, na juu zaidi ukatandazwa mkanda wa tahadhari, ili mtu atakayechimba siku nyingine akutane na mkanda kwanza. Kando ya bomba kulilazwa waya wa shaba, kwa kuwa plastiki haionekani kwa kifaa cha kutafutia mabomba.

Viungo vya poliethilini vinaharibika mara nyingi kwa sababu moja: fundi kuruka hatua ya kukwangua. Ngozi ya nje ya bomba imeoksidika na haishikani na kiungo hata ikiyeyuka. Inatakiwa kukwanguliwa kwa kifaa chake, tabaka jembamba lisilofika nusu milimita, kuzunguka pande zote. Kisha sehemu hiyo inafutwa kwa alkoholi, inawekewa alama ya kina cha kuingia, na kubanwa kwa vishikio visivyoachiwa hadi kiungo kipoe. Kiungo ambacho hakikukwanguliwa kinaweza kupita jaribio leo na kuachia miezi mingi baadaye ardhi inapotulia.

Poliethilini haipandi juu ya ardhi ikiwa uchi na haiingii ndani ya nyumba. Jua linaichosha na moto unaiyeyusha. Inapofika ukutani inabadilishwa kuwa chuma kwa kiungo maalumu. Baada ya hapo, ndani ya kisanduku, kwa mpangilio: valvu ya kufungia dharura, regulata inayoshusha presha hadi milibari 20 na ambayo hujifunga presha ikizidi, halafu mita ya gesi. Baadhi ya regulata hujifunga pia presha ya mtaani ikishuka mno na hazijifungui zenyewe. Gesi ikikatika kisha ikarudi na nyumba yako pekee ikabaki bila gesi, hapo ndipo pa kutazama, na anayeifungua ni mtu wa kampuni.

Kisanduku kiliwekwa palepale mitungi iliposimama. Uamuzi huo ulionekana wa busara, maana bomba la ndani lilikuwa tayari linaanzia hapo. Ndipo kosa lilipozaliwa.

Bomba lililopita jaribio

Fundi wa ndani aliondoa regulata ya mitungi, akaunganisha bomba la zamani la milimita 15 na mita ya gesi, akafanya jaribio la uvujaji. Alilifanya vizuri. Alijaza hewa hadi milibari 20, akasubiri joto litulie, akasoma manomita (kipima presha) ya maji kwa dakika 2 na maji hayakusogea.

Asiye na manomita ya dijiti anaweza kutumia ya maji na akapata usahihi wa kutosha: mrija unaopitisha mwanga uliokunjwa kama herufi U, maji ndani, na rula. Milibari 1 ni karibu sentimita 1 ya tofauti kati ya maji ya upande huu na ule, kwa hiyo milibari 20 ni sentimita 20. Kinachowachanganya wengi wakati wa jaribio ni joto. Hewa iliyofungwa ndani ya bomba ikipata nyuzi 1 zaidi ya Selsiasi, presha inapanda kwa takriban milibari 3.5, na ikipoa inashuka kwa kiasi hichohicho. Kipande cha bomba kinachopigwa na jua nje kinaweza kuficha uvujaji halisi, au wingu likipita kikakuonyesha uvujaji usiokuwepo. Jaribio lifanywe asubuhi kabla ukuta haujapata moto, au bomba la nje lifunikwe.

Sasa, jaribio hilo linajibu swali moja tu: je, gesi inatoka mahali isipotakiwa kutoka? Haliulizi kama inafika inapotakiwa, kwa kiasi kinachotakiwa. Bomba jembamba kama mrija wa kalamu, lisilovuja, litapita jaribio kwa alama zote. Nyumba nyingi hukabidhiwa hapo, fundi akiwa na karatasi yenye sahihi, na hakuna aliyeweka manomita kwenye hita huku vifaa vyote vikiwaka.

Kilichodhaniwa kwanza

Dhana ya kwanza ilikuwa nozeli, kile kipande kidogo chenye tundu la kupitishia gesi kwenda kwenye kichomeo. Haikuwa dhana mbaya, maana hitilafu moja ya nozeli ilipatikana kweli.

Kifaa cha gesi ya mitungi hakiwezi kuhamia gesi asilia bila kubadilishwa nozeli. Gesi ya mitungi ina nishati nyingi zaidi kwa kila lita, tena inakuja kwa presha kubwa zaidi, kwa hiyo tundu lake ni dogo. Tundu la gesi asilia linahitaji kipenyo kikubwa zaidi kwa karibu mara 1.45. Kwenye majiko mengi namba iliyogongwa kwenye nozeli ni kipenyo kwa sehemu za mia za milimita. Plati ndogo ya kilowati 1 hutoka 50 kwenda 72, ya kati ya kilowati 1.75 hutoka 65 kwenda 97, na kubwa ya kilowati 3 hutoka 85 kwenda 115 au zaidi, kutegemea umbo la kichomeo. Namba halisi ziko kwenye kitabu cha jiko. Kutanua tundu la zamani kwa kekee ni kazi ya hovyo, kwa sababu tundu la nozeli lina umbo la ndani linalounda mkondo wa gesi unaovuta hewa, na kekee inaliharibu.

Kwenye jiko hili plati moja ya kati ilikuwa bado na nozeli ya 65. Mwali wake ulikuwa mfupi na dhaifu, kwani eneo la tundu la 65 ni asilimia 45 tu ya lile la 97, na nguvu ya plati inafuata eneo. Iliyobaki na nozeli ya mitungi inakuwa hafifu na haileti hatari kubwa. Kinyume chake ndicho cha kuogopwa: nozeli ya gesi asilia ikiachwa kwenye jiko lililorudishwa kwenye mtungi, mwali unakuwa mrefu, wa njano, wenye masizi, na unazalisha gesi ya sumu ya kaboni monoksidi kwa wingi.

Nozeli ilibadilishwa. Skrubu ndogo ya kila valvu ya jiko, ile inayoweka mwali wa chini kabisa, nayo ililegezwa, kwa sababu kwenye gesi ya mitungi huwa imekazwa na mwali wa chini wa gesi asilia ungekufa. Hita ilikuwa imebadilishwa ipasavyo kwa seti ya mtengenezaji. Tatizo likabaki vilevile.

Dhana ya pili ilikuwa regulata, na pamoja nayo likaja pendekezo la hatari: ipandishwe hadi milibari 27, hita itapata ya kutosha. Kwa hesabu ya haraka linaingia akilini. Lakini vifaa vya gesi asilia vya milibari 20 vimeundwa kufanya kazi kati ya 17 na 25. Regulata ikiwekwa 27, mtu akipika bila hita kuwaka, karibu hakuna presha inayopotea njiani, na jiko linapokea zaidi ya 26. Miali inaruka kutoka kwenye vichomeo na uchomaji unaharibika. Zaidi ya hayo, lakiri ya regulata ni ya kampuni. Anayeivunja amejitwika wajibu wa kila kitakachotokea baada yake.

Vipimo

Kilichotakiwa tangu mwanzo ni vipimo vinne, na vyote vinachukua chini ya nusu saa. Kila hita na kila valvu ya gesi iliyotengenezwa vizuri ina kijibomba cha kupimia presha ya kuingia, chenye skrubu ndogo ndani. Unafunga gesi, unalegeza skrubu, unachomeka mrija wa manomita, unafungua gesi.

Vifaa vyote vikiwa vimezimwa, hita ilisoma milibari 23. Hii ni presha ya kufunga, ambayo hupanda kidogo juu ya 20 regulata inapoziba, na ni ya kawaida. Fundi wa kwanza alipima hapa tu, akaridhika. Gesi isiyotembea haipotezi presha, hata bomba liwe jembamba kiasi gani.

Hita ikiwaka peke yake kwa nguvu zote, mita ya gesi ilitoa milibari 20 na hita ikapokea 16.6. Zimekwisha potea 3.4, na tayari tuko chini ya 17. Hita ikiwaka pamoja na plati zote na oveni, mlangoni mwa hita palisomeka 15.1, na kwenye jiko 16.1. Baada ya muda kitambua mwali cha hita kilikata gesi.

Kipimo cha nne ni cha mita ya gesi yenyewe. Hita ikiwa peke yake kwa nguvu zote, ilihesabu lita 70 kwa dakika 2. Zidisha kwa 30: lita 2,100 kwa saa, yaani mita za ujazo 2.10, sawa na kilowati 22. Zilipungua kilowati 2 kutoka zile 24, na hapo ndipo maji yalipopotezea moto wake. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote ila saa, na yeyote mwenye nyumba anaweza kukifanya.

Hesabu ya bomba

Kwenye bomba la gesi lenye presha ndogo, kiasi kinachoruhusiwa kupotea kati ya mita ya gesi na kifaa ni kidogo sana. Kipimo kinachotumika sana ni milibari 1. Majedwali ya bomba la shaba yanaonyesha kwamba, kwa kupoteza milibari 1 hiyo, la milimita 15 linapitisha takriban mita za ujazo 1.9 kwa saa likiwa na urefu wa mita 6, na 1.3 likiwa na mita 12. La milimita 22 linapitisha 5.8 na 3.9 kwa urefu uleule.

Urefu huo si wa futi kamba pekee. Kila kiwiko na kila tii huongeza karibu nusu mita. Kwa hiyo kipande cha kwanza, mita ya gesi hadi tii, ni mita 9 na viwiko vinne: mita 11. Tii hadi hita ni 5 na viwiko viwili na tii yenyewe: 6.5. Tii hadi jiko: 4.

Kipande cha kwanza kinabeba gesi yote, 3.24 kwa saa. Milimita 15 kwa urefu huo inamudu 1.3 na ushei tu. Tumeipa mara mbili na nusu ya mzigo wake. Presha inayopotea haikui sambamba na mtiririko bali inakaribia mraba wake, kwa hiyo mzigo wa mara mbili na nusu unapoteza karibu milibari 4.7 mahali palipopangiwa 1. Kipande cha hita kinaongeza 1.5. Jumla 6.2.

Lakini manomita ilionyesha zimepotea 4.9, si 6.2. Hapa wengine huanza kutilia shaka hesabu. Hesabu ilichukulia kwamba hita na jiko vinakula mgao wao kamili, ilhali kifaa kilichopungukiwa presha kinakula kidogo, na mtiririko ukipungua upotevu nao unapungua. Mfumo unatulia mahali fulani katikati, vifaa vyote vikiwa na njaa. Tofauti hiyo kati ya hesabu na kipimo ni ushahidi mwingine kwamba tatizo ni bomba: regulata mbovu ingeonyesha presha ndogo kwenye mita ya gesi pia, na hapa pale pamebaki 20.

Mbona kwenye mitungi lilitosha?

Hili ndilo lililowachanganya wote, na jibu lake liko kwenye gesi yenyewe. Propani, yaani gesi ya mitungi ile, ina takriban kilowati-saa 26 kwa mita ya ujazo, mara mbili na nusu ya gesi asilia. Kilowati 34 zilezile zilihitaji mita za ujazo 1.3 tu kwa saa badala ya 3.24. Ni kweli propani ni nzito, mara 1.5 ya hewa, na gesi asilia ni karibu 0.6, na uzito unaongeza upotevu. Lakini mtiririko uko kwenye mraba na uzito hauko. Ukizihesabu pamoja, bomba lilelile lilikuwa likipoteza kama milibari 2.5 badala ya 6.2. Regulata ya mitungi ilitoa 30, vifaa vikapokea 27 na ushei, na mwisho wao wa chini kwa gesi ile ni 25. Nafasi ilikuwepo, tena ya kutosha mtu asigundue kwamba bomba liko ukingoni.

Kwa maneno mengine, bomba hili halikuwa bovu. Lilipimwa kwa gesi nyingine.

Marekebisho

Kulikuwa na jaribu la kubadilisha kipande kimoja tu. Kubadilisha cha hita peke yake kungeokoa milibari 1.3 na kuacha zile 4.7 mahali pake. Kubadilisha kile cha kwanza peke yake kungeacha upotevu wa kama 2.2 hadi kwenye hita: hita isingezimika tena, na kila mtu angeridhika, lakini nyumba ingekuwa nje ya kipimo siku ya kwanza, bila akiba ya siku ambayo presha ya regulata itashuka kidogo.

Viliwekwa vyote viwili kwa milimita 22. Kipenyo cha ndani kutoka milimita 13.6 hadi 20.2 kinaonekana kidogo kwa macho, ila upotevu unafuata kipeo cha tano cha kipenyo, kwa hiyo unashuka karibu mara 7. Kipande cha kwanza kikabaki na 0.65, cha hita 0.2. Tawi la jiko liliachwa na milimita 15 zake, kwa kuwa linabeba 0.95 tu na linapoteza 0.2. Hakuna sababu ya kubomoa ukuta wa jikoni kwa ajili ya hilo.

Mahali bomba linapopenya ukuta liliwekewa ala, yaani mrija wa kulifunika, isiyo na kiungo ndani yake, iliyozibwa kwa kisichopitisha gesi upande wa ndani na kuachwa wazi kwa nje. Viungo vya shaba vilichomelewa. Vya uzi vilifungwa kwa tepu nene ya gesi. Ile nyeupe nyembamba ya mabomba ya maji haikutumika. Bomba liliunganishwa na mfumo wa udongo wa umeme wa nyumba kwa waya wa milimita 10 za mraba, karibu na mita ya gesi, kabla ya tii ya kwanza. Jambo hili lina upande mmoja tu: bomba linaunganishwa na waya wa udongo ili lisibebe umeme, lakini haliruhusiwi kuwa lenyewe ndiyo njia ya udongo ya nyumba.

Baada ya jaribio la uvujaji kurudiwa kwa hewa, gesi iliingizwa. Hewa iliyomo ndani ya bomba jipya lazima itolewe kwanza, kwa sababu methani, iliyo sehemu kubwa ya gesi asilia, inashika moto ikiwa kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, na bomba linalojazwa hupita katikati ya viwango hivyo. Madirisha yanafunguliwa, hakuna swichi inayoguswa, na hewa inasukumwa itoke kwenye plati moja ya jiko hadi mwali ushike na kutulia. Hita inafuata baadaye. Kila kiungo kilipakwa maji ya sabuni kikiwa na gesi ndani.

Vipimo vipya, kila kitu kikiwaka: 20 kwenye mita ya gesi, 19.2 kwenye hita, 19.2 kwenye jiko. Hita peke yake ilihesabiwa lita 75 kwa dakika 2.

Masalia mengine ya mitungi

Kwa kuwa bomba na nozeli vilibebwa kutoka kwenye mfumo wa zamani bila kuulizwa, ilibidi kila kitu kingine kiulizwe.

Kengele ya gesi ilikuwa ukutani sentimita 20 juu ya sakafu. Kwa gesi ya mitungi hapo ni mahali pake, maana inatambaa chini. Gesi asilia ni nyepesi kuliko hewa na hupanda darini, kwa hiyo kengele ile ingenyamaza jikoni kukiwa kumejaa gesi hadi usawa wa kichwa. Ilibadilishwa kwa ya methani na kuwekwa ndani ya sentimita 30 kutoka darini. Vilevile tundu la kupitisha hewa lililokuwa chini ya ukuta liliachwa, na jingine likatobolewa juu.

Mpira wa jiko ulikuwa wa kuchomeka na kubana kwa klipu, na umekakamaa. Ukawekwa mpya wa aina inayofungwa kwa uzi pande zote mbili, usiopita nyuma ya oveni yenye moto, na valvu ya kufungia mahali mkono unapofika bila kusogeza jiko.

Hita inatoa moshi kwa dohani na inavuta hewa ya chumba. Mita moja ya ujazo ya gesi inahitaji karibu 9.5 za hewa, kwa hiyo hita hii ikiwaka saa nzima inataka takriban 22. Hicho ni karibu ujazo wote wa chumba cha mita 3 kwa 3. Ilipokuwa ikilishwa pungufu, hewa hii haikuleta shida. Sasa inakula mgao wake wote. Dohani ilijaribiwa kwa moshi wa kijiti kwenye ukingo wa kofia ya hita, milango na madirisha vimefungwa, na feni ya kutolea hewa jikoni imewashwa kwa kasi yote, kwa sababu feni ndiyo inayoweza kurudisha moshi ndani. Moshi ulivutwa juu. Kengele ya kaboni monoksidi iliwekwa kando na ile ya methani. Moja haifanyi kazi ya nyingine.

Limebaki jambo moja ambalo mwenye nyumba aliarifiwa na kulikubali. Akiongeza kifaa cha tatu, mathalani mashine ya kukausha nguo ya kilowati 6, mtiririko wa kipande cha kwanza utafika mita za ujazo 3.81 kwa saa, na upotevu hadi kwenye hita utavuka milibari 1 kwa kiasi kidogo. Bomba la milimita 28 kwenye mita zile 9 lingelimaliza suala hilo moja kwa moja. Alichagua milimita 22. Urefu wa kila kipande, kipenyo chake, kilowati za kila kifaa na presha zilizopimwa viliandikwa kwenye kadi iliyobandikwa ndani ya mlango wa kisanduku cha mita ya gesi.